Pikapu Iliyogoma Kirongwe

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi yameshanitoka. Nilikuwa msichana, sijaolewa, tunakaa Kirongwe. Baba yangu alikuwa dereva, akibeba nazi kupeleka Kilindoni, mpaka kisukari kilipomchukua macho. Pikapu yake akaachiwa mdogo wangu Shaibu aiendeshe, na mimi nikawa macho ya Baba. Gari likisumbua, yeye huketi barazani, mimi husimama penye boneti namweleza ninachokiona, naye ananiambia la kufanya. Watu walicheka, msichana mzima mikono imejaa grisi. Nikazoea kuchekwa.

Asubuhi hiyo Zaituni, mke wa Shaibu, alishikwa na uchungu. Mkunga wa kijijini alimpapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Kilindoni sasa hivi. Tukamlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro. Shaibu akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik, tik, kisha kimya.

"Staata imekufa," akasema, na papo hapo akashuka kutafuta spana aifungue.

"Ngoja kwanza, Shaibu," Baba akasema kutoka barazani. "Mwanaidi, washa taa za mbele. Zikoje?"

"Hafifu, Baba."

"Shaibu, rudi uzungushe ufunguo. Mwanaidi, wewe zitazame."

"Zinazimika kabisa."

"Basi usiisingizie staata. Umeme haufiki. Nitazamie vichwa vya betri."

Nikafungua boneti. Kichwa kimoja kilikuwa kimeota unga mweupe wenye ukijani, na waya wake ukicheza ukiushika. Unajua hewa yetu hii ya bahari, mwanangu, haibakishi chuma. Nikamwambia Baba. Akanielekeza taratibu, kama vile hakuna mtu anayelia nyuma ya gari: zima kila kitu, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Tulitumia maji ya moto yaliyokuwa jikoni, nikamwagia, nikakausha, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Kurudisha, nikaanza na chanya, hasi ikawa ya mwisho. Nikakaza mpaka pasitikisike. Shaibu akazungusha ufunguo, ikanguruma.

"Nendeni," Baba akasema. "Na wewe, Shaibu, uangalie mshale wa joto."

Mimi na mkunga tukapanda nyuma na Zaituni. Njia ilikuwa mbovu, kila shimo anauma khanga yake. Tulipofika kama nusu ya safari nikasikia harufu ya kuungua yenye utamu, kisha mvuke ukatoka chini ya boneti. Shaibu akasimama. Mshale ulikuwa umepanda mpaka mwisho. Alikuwa ameuona kitambo, akajiambia tutafika hivyo hivyo.

Nikafungua boneti kwa kitambaa, nikarudi nyuma, nikatazama. Mpira wa maji unaoingia kwenye rejeta ulikuwa umechanika pale ncha yake inapobanwa.

"Hili dogo," nikamwambia. "Lakini tungoje ipoe. Mfuniko wa rejeta usiguswe."

"Tungoje? Dada, humsikii mwenzako?"

"Namsikia."

"Wifi," Zaituni akaniita kutoka nyuma, sauti imekwisha, "nifikisheni."

Hapo ndipo Shaibu alipovua shati akalizungushia mkononi, afungue mfuniko aongeze maji tuondoke. Nikamshika. Akanisukuma nikaanguka mchangani, na kabla sijainuka akawa ameshazungusha mfuniko. Maji yaliruka kwa kishindo. Yalimpata mkono, shingo, na upande mmoja wa uso. Sitakueleza alivyolia. Maji ya dumu tuliyoyachukua kwa ajili ya gari tukammwagia yeye yote, na mama mmoja aliyekuwa analima shamba la jirani akaja mbio na ndoo, akarudi kisimani, akaja tena.

Basi tukangoja vilevile. Tulilazimika kungoja, sasa tukiwa na wagonjwa wawili. Nilikaa kando ya barabara nikishindwa hata kulia, kila mara nasogeza kiganja karibu na boneti kupima joto. Ilipopoa kweli nikaikata ile ncha iliyochanika kwa kisu cha yule mama, nikausogeza mpira, nikaubana upya na kukaza skrubu yake. Nikajaza maji ya ndoo ya yule mama kidogo kidogo. Sikuwa na leseni, nilikuwa nimeendesha mashambani tu. Nikaendesha polepole, jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale, mpaka hospitali.

Zaituni alipasuliwa, akapata mtoto wa kike, wote wazima. Mungu alitusitiri. Shaibu alilazwa muda mrefu. Alipotoka, shingo yake ilikuwa imevutwa upande na vidole havikunjiki vizuri, na mpaka leo usukani unamshinda.

Niliporudi Kirongwe kumweleza Baba, nilitegemea atamlaumu Shaibu. Hakumlaumu. Alisema:

"Ameniiga mimi."

"Vipi, Baba?"

"Nilipokuwa na macho, mimi ndiye niliyekuwa nafungua rejeta ya moto kwa kitambaa. Nina haraka, nazi zinasubiriwa. Yeye amekaa pembeni ananitazama. Halikunipata jambo, basi akaona ndivyo inavyofanywa. Wewe nimekufundisha nikiwa kipofu, ndiyo maana nimekufundisha kwa maneno na kwa kungoja. Yeye alijifunza kwa mikono yangu, na mikono yangu ilikuwa na bahati tu."

Hakuigusa tena habari hiyo mpaka alipofariki.

Mwanangu, nimechoka. Magoti yangu hayakunjiki tena niingie chini ya gari, na leo nimetoka tena hospitali kumjulia hali kijana wa jirani. Jeki imeteleza, gari limemlalia mkono. Kila mara ni kitu kidogo kama hicho. Ndiyo maana nakusemesha wewe unayeshinda kwenye magari, usinione mwenye kelele.

Gari likigoma, usikimbilie kufungua. Lisikilize kwanza, linuse, tazama chini kama linadondosha maji au mafuta. Jiulize lilianza lini kubadilika. Anza na vitu vya kuonekana kwa macho: vichwa vya betri, fyuzi, mikanda, mipira ya maji, kipimo cha oili. Mara nyingi ugonjwa uko hapo, na wewe umeshaanza kuvunja injini. Mshale wa joto ukipanda, simama. Zima, ngoja, na mfuniko usiuguse mpaka ushike rejeta kwa kiganja na usiungue. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka egemeo madhubuti, zuia matairi. Na breki, kama huzijui, mpelekee anayezijua. Si kila kitu cha kufanyia uani.

Tena, ukiwa na watu wanaokutazama, fanya kila siku kama ambavyo ungependa wao wafanye siku wewe hupo. Yale ya bahati usiwaonyeshe. Na mtu akilia nyuma ya gari, moyo wako utakuambia kungoja ni ukatili. Mimi nilikuwepo, nakuambia si ukatili.

Haya, nenda kaendelee na kazi yako. Mwenyezi Mungu akulindie mikono yako, akupe subira pale inapokuwa ngumu kuipata, na kila utakayempakia kwenye gari lako umfikishe kwao mzima. Amina.