Dola Imepanda, Sisi Tumepanda Mpunga

Enzi zetu noti mpya ilikuwa na harufu. Wenzangu mliokulia upande wa Kilelengwani na Garsen, huku delta ya Mto Tana, mnaikumbuka: ilinukia kama kitabu kipya cha shule, na ukiikunja ilitoa sauti. Ule mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, noti hizo zilitushukia kama nzige. Wanunuzi wa mpunga walikuja nazo, wapambe wa mheshimiwa mbunge wetu walikuja nazo, hata walevi wa kijijini walikuwa nazo. Sisi watoto tulizinusa kwa zamu. Hakuna aliyetuambia kwamba pesa ikinukia wino namna ile, kuna mkubwa mahali fulani aliyeona kuchapisha ni rahisi kuliko kutawala.

Tulikuwa na mambo yetu. Tukitoka shule tulipitia kwenye mikoma kuokota matunda yake, yale magumu unayoguguna mpaka ufizi unauma, kisha maembe mabichi kwa chumvi na pilipili. Tulicheza kati, ule mchezo wa kumlenga aliye katikati, kwa mpira wa karatasi za nailoni, na tulioga mtoni mmoja wetu akisimama ukingoni kuwaangalia mamba. Vijana wa sasa wanaooga kwa maji ya mfereji na kulalamika kuwa ni baridi, hao tungewaacha ukingoni. Lakini mchezo wetu ulikuwa na mwisho. Jua likianza kuteremka, sauti ya mama ilitufikia: “Mchi hauna miguu, hautawafuata huko.” Wasichana tukarudi vinuni. Mpunga wa kuliwa kesho ulitwangwa leo, na viganja vyangu vilikuwa vigumu kama kwato.

Mama yangu aliitwa Mama Komora, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyewakusanya akina mama wa kijiji wakaanzisha chama, na chama hicho kilikuwa na shabaha moja tu: kununua mashine ya kukoboa mpunga. Alikwenda mwenyewe Malindi, akaingia dukani, akaigusa mashine, akauliza bei, akarudi na bei hiyo kichwani. Kuanzia hapo katika kila mkeka uliosukwa, kila kambare aliyekaushwa, kila gunia lililouzwa, kulikuwa na sehemu ya mashine. Pesa zilikaa kwa shangazi yangu Habona, dada yake baba, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Alikuwa mkali kiasi kwamba hata mumewe alikuwa akiukwepa mkebe huo kwa macho.

“Mashine ikija,” mama alitwambia sisi watwangaji, “mtacheza mpaka mchoke wenyewe.”

Basi noti mpya zilipomwagika, akina mama walifurahi kuliko wote. Mpunga ulinunuliwa kwa bei ambayo hawakuwahi kuiona. Mkebe ukajaa upesi, na uchaguzi ulipokwisha, mheshimiwa akiwa ameshapita, pesa za mashine zilikuwa zimetimia. Waliwatuma mama na shangazi Habona. Nami nilichukuliwa niwasaidie kubeba mizigo midogo. Tulivuka mto, tukatembea kwenye tope mpaka Garsen, tukapanda basi la Malindi. Njia nzima shangazi alikalia leso iliyofungiwa zile pesa, hakuinuka hata basi liliposimama watu wanywe chai.

Mwenye duka alikuwa mtu wa heshima, sina neno naye. Alimkumbuka mama. Akamkaribisha, akamwagizia soda, kisha akataja bei mpya. Ilikuwa karibu maradufu ya ile ya kwanza.

Mama akaigusa mashine tena. “Baba, hii si ile uliyonionyesha?”

“Ni ile ile, mama. Sikuigusa. Lakini dola imepanda.”

“Imepanda nini?” mama akauliza. “Sisi tuliopanda, tumepanda mpunga. Hiyo dola yako imepanda nini hata ivune mashine yetu?”

Yule bwana akainamisha kichwa. Akajaribu kueleza: pesa zimekuwa nyingi mno nchini, wahisani wa nje wameinunia serikali, serikali nayo imeiacha shilingi ijitafutie bei yake sokoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Kwa hiyo walizitengeneza nyingi za kuombea kura, na zilipoharibika wakatuachia sisi.” Shangazi Habona alikuwa bado amekalia leso yake, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Sijawahi tena kumwona analia, hata siku ya kumzika mumewe.

Hatukukata tamaa. Tulirudi, tukatwanga, tukauza msimu mwingine. Mama akaenda tena Malindi, bei ikawa imesogea tena. Ilikuwa kama kumkimbilia mtu aliye juu ya farasi. Na nyumbani mambo yalikuwa yakigeuka: sukari, mafuta ya taa, sabuni, vitu ambavyo bei yake tuliizoea tangu tupate akili, vikawa na bei ya asubuhi na bei ya jioni. Shuleni tuliambiwa wazazi sasa wachangie hata chaki. Haya yote yaliitwa mageuzi ya uchumi. Mpaka leo mtu akiniambia “mageuzi” mimi hushika mkoba wangu.

Mwishowe chama kilikaa kikaona pesa zinayeyuka mkebeni kama mafuta juani. Wakanunua masufuria makubwa ya kukodisha harusini. Masufuria hayakuwa mabaya. Lakini sufuria haikoboi mpunga.

Uchaguzi uliofuata ulipokaribia, mheshimiwa alirudi. Alikuja na lori lililokwama topeni, akavuka kwa mtumbwi suruali ikiwa imekunjwa, akapanda jukwaa la mbao akitoka jasho. Akatuambia tufurahi, kwa kuwa uchumi sasa umefunguliwa. Wanaume wakapiga makofi. Mama akasimama.

“Mheshimiwa, nina swali.”

“Mama Komora, keti,” chifu akasema.

“Nikishauliza nitaketi. Mheshimiwa anasema uchumi umefunguliwa. Zizi likifunguliwa usiku, anayefurahi si mbuzi. Nataka kujua, ni nani aliyefurahi?”

Wafugaji wa Kiorma waliokuwa wamesimama nyuma na fimbo zao ndio waliocheka kwanza, kisha uwanja mzima. Mheshimiwa naye akacheka, cheko la meno tu. Akatafuta jibu pale mbele yetu, akasema habari za dunia nzima kuwa na matatizo, akajikanyaga, akaomba maji. Jibu halikupatikana, lakini tulimwona akilitafuta.

Gharama ya swali hilo tuliilipa. Mwaka huo mheshimiwa alitoa mashine ya kukoboa mpunga, akaipeleka kijiji cha wakwe zake. Tulisikia iliharibika kabla ya mavuno mawili, ikabaki kuku wanatagia ndani. Mimi nilitwanga mpaka nilipomaliza darasa la nane. Mama hakujuta hata siku moja. “Kutwanga nimekuzoea,” alisema, “kunyamaza sikukuzoea.” Amekwisha kututangulia, Mungu amrehemu.

Sasa niwatazame hawa wa leo. Unga ukipanda wanaandika mtandaoni usiku kucha, kana kwamba bei ilizaliwa juzi pamoja nao. Mpwa wangu Buya, mtoto wa kaka Komora, amesomea uchumi chuo kikuu kizima. Siku moja kabla ya mkutano wa kampeni simu yake ililia, akasoma ujumbe wa pesa, akacheka. “Shangazi, doo za mheshimiwa zimeingia. Za bure.” Nikamwambia za bure ndizo alizolipia bibi yake mzaa baba. Akanitazama kama mtu anayesikiliza redio iliyoharibika. Wiki hiyo hiyo alinikopa za mchele, na mchele wenyewe umetoka ng’ambo, umeshushwa Garsen, mji uliozungukwa na mashamba ya mpunga.

Ndiyo maana nasema enzi zetu zilikuwa bora, si kwa sababu hatukudanganywa. Tulidanganywa sana. Lakini mwongo wetu alitoka jasho. Alikanyaga tope, alivuka mto, alisimama mahali ambapo mwanamke mwenye viganja vigumu angeweza kumwuliza swali. Siku hizi uongo unaingia kwa simu ukiwa umelala, nawe unaamka unasema asante.

Nilikwenda kwenye mkutano huo Garsen. Mheshimiwa wa sasa, kijana mwenye miwani, alieleza namna shilingi ilivyopata nguvu na namna wakubwa wanavyoilinda. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye swali. Mikono ikainuka uwanja mzima, na kila mkono ulikuwa na simu ya kumpigia picha. Mimi niliinua wangu, mtupu. Akanipungia, akashuka jukwaani.