Mwanamke wa Kiorma Aliyeshika Mguu Wangu

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mjini Garsen, saa nane mchana, akili zangu zote zikiwa nami. Sikuwa na homa. Pombe siijui. Hata mume wangu, anayebisha kila ninalosema tangu tuoane, kwa hili habishi.

Nilikuwa na mguu. Najua, kila mtu anao, lakini wangu wa kushoto ulikuwa na mambo yake: moto ulioanzia kiunoni, ukashuka nyuma ya paja mpaka kidole gumba. Hospitalini waliniambia mshipa wa fahamu umebanwa, wakanipa vidonge. Vidonge vikaisha, moto ukabaki. Sisi watu wa kijiji cha Ngao tunaishi kwa mpunga, na mpunga unataka mtu wa kuinama. Mwaka ule binti zangu walipanda peke yao, mimi nimekaa kando nalia kwa siri. Unajua uchungu wa kuwa mzigo kwa watu uliowazaa mwenyewe?

Ndipo mume wangu akasikia habari za tabibu wa Malindi, bwana mmoja mpole, aliyekuja Garsen mara moja kwa wiki kuchoma watu sindano za Kichina. Sindano zenyewe hazina dawa, ni vyuma vyembamba kama unywele. Nikasema potelea mbali, twende.

Alinilaza kifudifudi katika chumba kilicho nyuma ya duka la dawa, akanichoma sindano kumi na mbili kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo. Haziumi sana, zinavuta tu kwa ndani. "Usitikisike, mama," akasema, "narudi baada ya nusu saa." Mlango ulikuwa mmoja, na yeye akakaa nje yake akipiga soga na mume wangu.

Nikasikia harufu ya maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Kisha mkono wa baridi, umelowa maji, ukanishika wayo.

"Mguu bado inauma, mama?"

Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Waorma wetu. Nikadhani ni msaidizi wa tabibu. Nikamjibu unauma.

"Ni mimi nililalia. Pole sana."

Niamini, nilimjua papo hapo. Maana kuna jambo sikuwa nimemwambia tabibu. Wakati wa mafuriko ya elnino tulikuwa ndani ya mtumbwi, tunatoroka kijiji cha Wema, tukamkuta mwanamke wa Kiorma juu ya kichuguu, peke yake, maji yamemzunguka. Tukampakia. Akaweka kichwa kwenye paja langu la kushoto, nami sikuthubutu kusogea mchana kutwa, mtumbwi usije ukapinduka. Alikuwa akinong'ona neno kwa lugha yake, analirudia rudia. Nikamwambia nyamaza mama, pumzika. Akanyamaza. Tulipofika Ngao alikuwa amekufa. Sheikh hakupatikana, njia zote zilikuwa maji, basi tukamzika kwa desturi yetu sisi Wakristo, na msalaba tukamwekea. Mguu wangu ulianza kuuma wiki hiyo.

"Mlinizika kwa huruma," akasema. "Lakini mwanangu Barisa ananitafuta bado. Mwambie mahali niko."

Niliogopa? Niliogopa sana. Lakini nililia kwa sababu nyingine: yeye ndiye aliyeniomba radhi, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Nikamwambia, "Nisamehe, dada. Lile neno sikulisikiliza."

"Ilikuwa jina yangu," akasema, akanisugua wayo taratibu kama anavyosuguliwa mtoto. "Habiba."

Tabibu aliporudi aliinama miguuni pangu. "Nani amekuosha mguu, mama?" Wayo wangu ulikuwa unadondosha maji. Sakafu yote ilikuwa kavu.

Mume wangu alikwenda kumuulizia Barisa kwa wauza ng'ombe wa Kiorma pale pale Garsen. Wiki ya tatu Barisa akaja Ngao na wazee wake, akaung'oa msalaba kwa heshima, akanikabidhi mkononi. Wakasoma dua. Mimi nikamweleza yote, hata lile la kumnyamazisha mama yake, nikingoja anitukane. Badala yake akaniuliza mama yake alilitamkaje lile jina, kwa nguvu au kwa sauti ya chini, nami nikajaribu kumwigia. Mtu mzima yule aliufunika uso kwa shuka yake, akaniomba nirudie.

Nilichomwa sindano mara nne zaidi. Tabibu anasema zilifanya kazi, na mimi sibishani naye. Mvua ikikaribia bado naungua kidogo, lakini mpunga napanda.

Ila nakuonya wewe unayenisikiliza: mtu akikufia mikononi, usimwambie anyamaze, hata kama lugha yake huijui. Sogeza sikio. Huenda anakuachia kitu cha kumpelekea mtoto wake.