Mpishi Aliyevunja Kimya cha Kathiani

Kuni zimeshika, sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, inatokota, na Kaluki Mbithi anamwonya mwandishi kwa kidole mdomoni. Nje ya dirisha, wanawake kutoka Nairobi wanatembea bustanini vichwa chini, kila mmoja kivyake. Wako kwenye mafungo ya kimya, na hadi Jumapili hawatazungumza na mtu.

"Hata chumvi wanaomba kwa mkono," Kaluki ananong'ona akicheka. "Mimi nikikaa hivyo siku moja, nitapasuka."

Mama huyu amepika katika nyumba hii ya mafungo, kwenye vilima vya Kathiani, tangu 1992. Nyumba ni ya chama cha walei Wakatoliki wanaoshika desturi za zamani bila kulegeza kamba. Si masista, ingawa kijiji huwaita hivyo. Kaluki mwenyewe si mwanachama. Ni mwajiriwa tu, na mshahara wake wa shilingi elfu nne na mia tano ndio uliosomesha watoto wake.

Chama hicho kimezua maneno mengi. Wapo wanaokisifu kwa sala na nidhamu. Wapo wazazi wanaolia kwamba huwachukua wasichana wangali wachanga, huwapa kazi za jikoni maisha yao yote na kuwatenga na jamaa zao. Hapa kijijini mambo yaliharibikia kwenye salamu. Wageni wa mafungo walipita barabarani wakisalimiwa wasiitikie, na watu wakaamua kwamba mtu asiyeitikia salamu ana lake jambo. Haikuchukua muda, ikasemwa humo ndani huabudiwa shetani.

"Ati tunakunywa damu!" Kaluki anasema. "Mimi ndio napika, na hiyo damu sijawahi kuiona. Nimeona tu watu wanasali sana na hawajui kukata sukuma wiki."

Kicheko kinakatika anapomtaja Mumo.

Mumo ni binti wa jirani yake, Nzembi. Alipomaliza shule alijiunga na chama, awe mhudumu wa nyumba hiyo daima. Mwaka ukapita hajakanyaga kwao, ingawa moshi wa jiko la mamake unaonekana kutoka jikoni humu.

Nzembi ndiye mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Zamu ya Kaluki ilipofika, mvua ikiwa karibu, hakuja mtu. Chakula cha kikundi kizima kilikuwa kimeshapikwa.

"Nilikaa kwa shamba na jembe yangu mpaka jua ikawa kali," anakumbuka. "Hawangeweza kufikia wale wako ndani, wakashika mimi mwenye hutoka kila jioni. Lakini ningekuwa Nzembi, ningefanya mbaya zaidi."

Kisha, Oktoba 1999, mume wa Nzembi akafariki. Siku ya mazishi Kaluki alimkuta Mumo akiosha sahani, macho yamevimba. Alikuwa ameambiwa amwombee babake kanisani, kwa kuwa jamaa yake sasa ni hapa.

Wageni walikuwa mezani, kimya kama kawaida. Kaluki akabeba bakuli la mchuzi hadi kwa mkuu wa nyumba, Linet, akaliweka mbele yake na kusema kwa sauti ya kusikika chumba kizima:

"Madam, huyu mtoto baba yake anazikwa saa hii. Kwetu mtoto hutupa mchanga kwa kaburi. Kama ni dhambi aende, hiyo dhambi niwekewe mimi."

Vijiko vilisimama. Kaluki anakiri kwamba alishajiona amefutwa kazi. Linet aliinuka, akaenda kuchukua ufunguo wa gari.

Walipofika kaburini, wanaume walikuwa wameanza kufukia. Nzembi akawapigia kelele waache. Mumo akatupa mchanga wake, kisha mama na binti wakakumbatiana wakalia, na wote waliosimama pale wakalia nao.

Wiki iliyofuata Kaluki aliamshwa na sauti za majembe shambani mwake. Nzembi alikuwa mbele.

"Hakuongea mambo ya zamani," anasema, machozi yakimlengalenga. "Aliniita mama, akauliza tu, 'Mwaitu, tuanzie wapi?'"

Mabishano kuhusu chama hayajaisha. Mumo alirudi huko kwa hiari yake, ila sasa yeye na wenzake huenda makwao kila mwisho wa mwezi. Nzembi bado hakipendi chama hicho. Linet naye hakumfuta Kaluki, wala hakulitaja tena jambo lile.

"Kila asubuhi naambia Mungu ni muvea," anasema Kaluki, yaani asante kwa Kikamba. "Ningepoteza kazi na majirani siku moja. Niko na vyote."

Shukrani hiyo sasa imepata mtihani. Bintiye Nthenya, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, anataka kujiunga na chama. Kaluki hajapata usingizi mzuri tangu asikie.

"Hii nyumba imelisha watoto wangu, siwezi kuitukana. Nzembi naye alinirudishia majirani, siwezi kumzunguka," anasema. "Kwa hivyo nimeambia Nthenya aende kwa Nzembi kwanza, wakae, waongee. Madam Linet amekubali kungoja. Nzembi ndiye anajua kumpa Mungu mtoto huuma wapi."