Jina la Boti ya Bi Hadija

Ijumaa, tarehe 8 Septemba 2023. Moshi wa mashamba yanayochomwa umeficha milima ya Kongo, na upepo wa kusini unavuma tangu alfajiri.

Leonardi huandika majina kwenye boti za Kibirizi, ufuko wa wavuvi wa dagaa. Ana miaka hamsini na kitu, alisoma hadi kidato cha nne, na tangu aliponunua kamusi nene ya Kiingereza isiyo na jalada katika soko la Mwanga, halali bila kusoma neno moja. Maana peke yake haimtoshi. Hutaka kujua neno limetoka kwa watu gani, na walikuwa wakitazama nini walipolitamka.

Wenye boti hupenda Kiingereza kigumu. Mwenye chombo huleta jina, Leonardi hulipaka, na rangi ikikauka wavuvi hukusanyika awasomee asili yake, kama mtoto anavyotangaziwa jina. Boti ya Castory inaitwa PETRICHOR. Siku ilipopewa jina aliwaeleza kwamba hiyo ni harufu ya ardhi kavu inapopata mvua, na kwamba waliolitunga neno waliunganisha maneno mawili ya Kigiriki: jiwe, na kile kilichopita katika mishipa ya miungu badala ya damu. Wanaume waliozoea kutaniana kutwa nzima walimwomba asome tena.

Leo ilikuwa zamu ya Bi Hadija, mjane wa Ujiji, ambaye boti hii mpya ndiyo riziki yake yote. Jina alitumiwa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam: MAELSTROM. Alipenda linavyojaza mdomo. Mbalamwezi, ambayo huzishinda taa za wavuvi, ilikuwa imepungua, na jioni boti zote zingerudi ziwani na taa zao kutafuta dagaa.

Rangi ilipokauka, Leonardi alifungua kamusi mbele ya wavuvi, akasoma kwa macho tu, akaifunga.

"Soma, fundi," alisema Meshack, nahodha wa boti hiyo.

"Limetoka kwa Waholanzi. Kusaga, na mkondo. Ni maji yanayozunguka na kumeza vyombo."

Meshack alishuka kwenye boti. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

"Mama, mimi sipandi kinu cha kusaga watu," alisema Meshack.

"Lifute, fundi!" Bi Hadija alishika kichwa. "Meshack baba yangu, nisubiri."

"Nasubiri mpaka alasiri. Castory naye anataka watu."

Ikiwa wangeondoka, asingepata wengine mwezi huo. Kila mvuvi alikwisha kupata boti ya kufanyia kazi. Leonardi alipaka rangi nyeupe juu ya herufi zile, akakaa mchangani na kamusi wakati jua likiikausha. Alifunua kurasa nyingi. Kisha akasimama.

"Mnamwona yule?"

Mdiria, ndege mla samaki, mweusi kwa mweupe, alikuwa ametua kwenye kamba ya nanga.

"Yule mwizi wa dagaa?" alisema Meshack, na wote wakacheka.

"Wagiriki wa kale waliamini hutaga mayai juu ya bahari yenyewe, katikati ya majira ya baridi. Siku zile upepo hufungwa, mawimbi hulala, mpaka vifaranga watoke. Waingereza wakalichukua jina lake. Halcyon."

"Uongo. Nyumba yake ni shimo ukingoni."

"Sikusema ni kweli. Nimesema waliamini."

Wavuvi walisogea karibu. Watu wa mbali, ambao hawakuwahi kulisikia ziwa hili, walikuwa wamemtazama ndege wa namna hii na kuomba utulivu ule ule wanaouomba wake wa Kibirizi kila giza linapoingia. Ombi lao lilikuwa limepita vinywa vya karne nyingi, likafika kwenye mchanga huu wenye magamba ya samaki.

Meshack alirudi kwenye boti.

"Andika," alisema.

Jioni waliondoka, rangi ikiwa bado inanata.

Kesho yake asubuhi Leonardi alifika ufukweni kabla ya chai, akamkuta Bi Hadija amesimama majini. Boti ilirudi imejaa, imezama hadi karibu na jina.

"Upepo je?" aliuliza Leonardi.

"Ulivuma mpaka usiku wa manane, fundi," alijibu Meshack. "Halafu ukanyamaza."

Leonardi alivua viatu, akaingia majini, akashika kamba na kuivuta boti pamoja na wavuvi, kazi ambayo hakuwahi kuifanya.