Kikombe Kilichofudikizwa

Anayetaka kucheka na acheke, lakini haya sikusimuliwa. Yalinikuta mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwetu Ngamiani.

Jirani yetu Zuhura ni mchoraji. Tangu amzike mumewe alikuwa kajifungia ndani, kisha siku moja akaniletea picha, zawadi. Picha ya vitu tu, haina mtu: meza iliyoinuka kwa nyuma, ungesema vyombo vitakuporomokea mapajani, ndimu ya buluu, buli, vikombe viwili, kimoja kimefudikizwa, mdomo chini, kwenye kisahani. Mwanga ulitoka kulia, vivuli vyote vimelala kushoto. Niliupenda ukimya wake, nikaitundika ukumbini.

Mama, ambaye miguu ilikuwa ikimsumbua, hakuipenda. Kwetu, ukifudikiza kikombe umesema umetosheka, usiongezewe.

"Nani huyo katosheka?" akauliza.

Nikamcheka. Picha za kisasa hizo mama, huoni hata ndimu ni ya buluu?

Alasiri ile ikapigwa hodi. Mgeni wa kanzu safi, mpole, sauti ya chini. Nikamkaribisha kiti, hakuketi. Aliitazama picha tu.

"Nimekuja kumchukua aliyetosheka," akasema.

Niamini nikuambialo. Dirisha letu liko kushoto, jua linaingilia huko, na kivuli cha kiti kililala kulia kama siku zote. Chake yeye kilikwenda kushoto. Umewahi kuona kivuli kikalifuata jua?

Nilijua kamjia mama. Mama mwenyewe akajibu kutoka chumbani: "Si mimi, baba. Mimi kiu ninayo bado."

"Niwieni radhi," akasema mgeni. "Basi ni aliyechora."

Akatoka. Nami nikatoka mbio, peku, na waliokuwa wakicheza bao barazani wakaapa hawajaona mtu kupita. Kwa Zuhura niliingia bila kukaribishwa. Alikuwa sakafuni, midomo imekauka. Hakuwa akila wala kunywa, nasi sote tulidhani anachora. Nikampakata, nikamnywesha maji kwa kijiko huku nalia. Mwanzo yalimwagika. Baadaye akameza.

Zuhura yu hai, alhamdulillahi. Analala chumba kimoja na mama, na kila usiku wanagombania taa, huyu aizime, yule aiwashe. Mimi ndiye niliyebaki na woga: ikipigwa hodi, hutazama sakafu kwanza ndipo niitikie karibu.

Nawe ukiletewa picha ya namna ile, usijitie ujuzi wa kuifasiri. Nenda kwa aliyeichora, umuulize leo amekula nini.