Mama na Mwiko Mbele ya Wakubwa

Wakubwa wawili walitoka nchi ya wazazi wangu wakaja kwenye ukumbi wa kanisa letu, Hallunda. Vita vilikuwa vimekwisha, serikali ilikuwa inaandika upya sera ya usalama wa taifa, na walisema wamekuja kuchukua maoni yetu sisi tunaoishi Sweden.

Mama alikuwa na lake moja tu. Kaka yake, mjomba wangu, alichukuliwa na askari mlangoni kwa bibi, na hakuna aliyewahi kutuambia walimpeleka wapi. Wiki nzima mama alikariri mbele ya jiko: "Askari akimchukua mtu, familia iambiwe yuko wapi. Liandikwe hilo." Mimi, ambaye hata darasani sinyanyui mkono, nilimwonea wivu.

Lakini mikutano yetu ina desturi yake. Sala, hotuba, halafu chakula, na maswali huulizwa watu wakila. Wanaopakua ni kinamama. Basi wanaume walipokuwa wakiuliza habari za pasipoti na viwanja, mama alikuwa nyuma ya sufuria ya wali, na mimi nagawa soda.

"Kinamama nao wametoa maoni, si mnayaonja?" mwenyekiti wa jumuiya yetu akasema. Wakacheka. Mkubwa mmoja alicheka mdomo umejaa, mafuta yakamtiririka kidevuni.

Mama akaja mbele, mwiko mkononi. "Samahani, mheshimiwa." Akalisema lote, bila kukwama.

"Pole sana, dada," yule mkubwa akasema, akichagua nyama nyingine. "Lakini hayo ni ya zamani. Sera inaangalia mbele. Na kitabu chake kimeshaenda kuchapwa."

"Sasa mmekuja kuchukua nini?"

"Aa, mama, wageni wanakula!" mwenyekiti akamkatiza.

Nilipompelekea soda yule mkubwa akaniuliza, "Na wewe binti, nyumbani utarudi lini?"

"Aldrig," nikasema kwa Kiswidi, yaani kamwe. Akatabasamu tu.

Baadaye picha iliyopigwa siku ile ikabandikwa mlangoni pa ukumbi: mama na mwiko wake, mdomo wazi. Chini yake wameandika, "Kinamama wakichangia sera ya usalama." Nilitaka kuichana, mama akanishika mkono.

"Iache. Niombee nakala nimtumie bibi yako."

"Mama, si walikudanganya!"

"Najua. Lakini angalia mdomo. Bibi ataona kwamba nilisema."

Nikaenda kwa mwenyekiti kuiomba. Akanipa nakala. "Mwambie mama," akasema, "wali ule ulikuwa mtamu."