Jina la Matimbwa Nililolikata

Mwanangu, mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilidhani nawajua watu ambao Mungu anawataka na wale asiowataka. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijiona tu.

Sisi Wakristo wa hapa Kibiti tulikuwa wachache, tukiishi vizuri na majirani zetu Waislamu. Idi tulikula kwao, Krismasi walikula kwetu. Katekista wetu alikuwa Mzee Kaspari, mtu mpole anayechechemea mguu mmoja. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, alinipa kazi ya kutunza daftari la wanaojiandaa kubatizwa.

Humo lilikuwamo jina la Matimbwa, mpasua mbao wa makamo hivi, na mlevi. Alikuja darasani akinuka tembo la mnazi, akakaa nyuma kabisa, lakini kwa maswali alitushinda wote. Siku moja aliuliza, "Huyo Mungu alianza kutupenda lini?"

Watu wakacheka. Mzee Kaspari hakucheka. Akasema, "Sijui, Matimbwa. Sijapata kuona palipoandikwa kwamba alianza."

Mimi nilikasirika. Niliona swali la mlevi limepewa heshima isiyostahili.

Zilipobaki wiki mbili kufika siku ya ubatizo, Mzee akaenda Ikwiriri kumwuguza dada yake, akaniachia darasa. Matimbwa akaja anapepesuka. Nikachukua kalamu, mbele ya wote, nikakata jina lake.

"Ukiacha pombe, urudi," nikamwambia. "Mungu hachezewi."

Akaliangalia daftari. "Kwa hiyo nimeshafutwa?"

"Ndiyo."

Akatoka. Nami, Mungu anisamehe, niliendelea na somo nikijisikia mwanamume.

Mzee Kaspari aliporudi aliuona ule mstari. Hakufoka. Aliniuliza, "Wewe ulibatizwa ukiwa na umri gani?"

"Wiki tatu, Mzee."

"Ulikuwa umeshaacha nini?"

Nilisimama pale kama niliyesahau jina langu mwenyewe.

"Nenda kamtafute," akasema. "Na umweleze nani kakosa."

Nikaambiwa Matimbwa kaenda huko delta, mto unapoingia baharini, kumlindia mtu mpunga. Nilishuka hadi Nyamisati, nikapanda boti, tukapita katikati ya mikoko mpaka kwenye mashamba. Kila niliyemkuta nilimuuliza. Nikamkuta juu ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambamo watu hukaa msimu mzima kufukuza ndege. Homa ilikuwa imemlaza, na hapakuwa na wa kumpa hata maji.

"Umefuata nini huku?" akaniuliza.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nimekosa mimi."

Alinitazama sana. "Na Mungu je, kasemaje?"

Nilitafuta maneno makubwa ya darasani, yote yakanikimbia. Nikasema, "Yeye hakukufuta. Kalamu ilikuwa yangu."

Akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikashuka nikawasha moto, nikapika uji. Siku nne nilikaa naye, nikiwapigia kelele ndege wa shamba la mtu nisiyemjua, mpaka homa ikashuka. Siku ya kuondoka akaniuliza, "Je, nikirudi kunywa?" Kwa kweli sikujua. Nikalipeleka swali kwa Mzee Kaspari.

"Akirudi kunywa," Mzee akasema, "Mungu atakuwa na mwana anayekunywa. Itamuuma. Kumwacha hataweza."

Matimbwa alibatizwa pamoja na wenzake. Na alirudi kunywa, mwanangu, sikufichi, zaidi ya mara moja. Kila mara Mzee alichechemea hadi alipolala Matimbwa, akamwinua. Miaka ikapita ndipo pombe ikamtoka. Nilimuuliza aliwezaje. Akasema, "Sikuacha ili nipendwe. Nilichoka kumuumiza anayenipenda."

Hadi leo, na uzee huu, najiuliza: upendo wa namna hiyo unatoka wapi? Mungu anapata nini kwetu? Nimesoma, nimesali, nimewauliza mapadri. Jibu kamili sijalipata, na siku hizi sioni haya kusema sijui. Nilichokiona ndicho ninachokupa.

Usingoje utakate ndipo umwendee Mungu. Mwendee ulivyo, hata kama unanuka. Usidhani dhambi ni kitu chepesi, maana inamuuma anayekupenda. Na ukipewa nafasi ya kumfungulia mwenzio mlango, usikae mlangoni ukawa wewe ndiye kizuizi. Ukikosea, kama nilivyokosea, toka umfuate aliko, kwa miguu yako mwenyewe.

Mungu aliyekupenda kabla hujajua kusema akushike mkono uendapo na urudipo. Akupe moyo wa kuuliza bila hofu, na amani hata pale usipojibiwa. Amina.